Mwalimu wa malezi asiye na kipindi

Kijana wa sekondari haachi shule siku moja. Anakosa Jumatatu, halafu Ijumaa mbili, halafu wiki nzima ya mvua za masika, kisha anarudi na jibu moja kwa kila swali: "Niliumwa, mwalimu." Anayejua mapema kuliko wote kwamba mtoto huyu anatuponyoka ni mwalimu wa darasa, kwa sababu ndiye anayeita majina kila asubuhi na kuweka alama kwenye daftari la mahudhurio. Polisi hawajui. Mtendaji wa kata hajui. Mara nyingine hata mzazi hajui, maana anamwona mwanawe akitoka alfajiri na begi mgongoni. Taarifa hiyo ya mapema ipo katika shule zetu za Arusha, imeandikwa kwa kalamu, lakini ni nadra kukuta mtu aliyepewa muda wa kuishughulikia. Kila kikao cha wazazi tunazungumzia maadili ya vijana. Ratiba ya shule, ambayo ingeonyesha nani ana nafasi ya kumfuatilia nani, hatuigusi.

Tuanze na mji wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha, na ukienda Muriet, Olasiti, Olmoti au Terrati utaona watu wanakoelekea: pembezoni, kwenye viwanja vya bei nafuu, nyumba zikiwa bado hazijapigwa lipu. Shule za kata, ambazo zilijengwa kwa kasi katika miaka ya 2000 huku Edward Lowassa, mwana wa Monduli, akizisukuma kama Waziri Mkuu, zilisogeza sekondari karibu na watu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Hilo ni jambo kubwa, na wanaozibeza wanasahau kwamba mtoto wa mama ntilie wa Unga Limited zamani hakuwa na mahali pa kwenda baada ya darasa la saba. Ila ukaribu wa kwenye ramani haupimi barabara ya asubuhi. Konda wa hiace saa kumi na mbili unusu anahesabu viti, na mwanafunzi anayelipa nauli ndogo kuliko ya mtu mzima ni hasara kwake. Kwa hiyo mwanafunzi husimama kituoni, gari la kwanza linapita, la pili linapita, na akifika shuleni anakuta geti limefungwa na mwalimu wa zamu amesimama na fimbo. Akichapwa mara tatu kwa kuchelewa, siku ya nne akiona ameshachelewa tena haendi shule. Anapitia sokoni Kilombero.

Huko hakuna anayemuuliza umri. Kuna mizigo ya kubeba, kuna pikipiki za kuosha, kuna kijiwe ambacho dereva wa bodaboda akichoka mchana anampa kijana ufunguo apige deiwaka mpaka jioni, amletee hesabu, kinachobaki ni chake. Kwa mvulana wa miaka 16 ambaye nyumbani hana hata hela ya daftari, noti ya kwanza aliyoitolea jasho ina uzito ambao hotuba yoyote ya mstarini haiufikii. Jirani na kijiwe kuna kibanda chenye mashine ya kubahatisha inayomeza sarafu za mia mbili, na nyuma ya kibanda kuna mirungi au kijiti cha bangi. Wazazi wengi wanaamini mambo haya huanza na bangi kisha yanafuata mengine. Kwa ninavyoona mimi katika mji huu, mara nyingi bangi inakuja mwishoni, mtoto akiwa ameshazoea kuwa mahali ambapo hakuna anayemtegemea afike.

Kwa msichana njia ni nyingine. Konda amemwacha, mvua inanyesha, kijana wa bodaboda anamwambia panda, nitakufikisha bure. Lifti ya wiki ya kwanza ni wema. Ya wiki ya tatu ina deni. Kila mwalimu wa kike niliyewahi kuzungumza naye anaijua hadithi hii, na wengi wanaweza kutaja kituo inapoanzia. Wengine hawafiki hata kituoni: mama anauza ndizi soko la Kwa Mrombo tangu alfajiri, mdogo wao ni mgonjwa, basi mtoto wa kike mkubwa anabaki nyumbani leo, na kesho, na keshokutwa.

Halafu kuna Mirerani. Kiutawala ipo Simanjiro, mkoani Manyara, lakini kwa vijana wa huku ni mtaa wa pili wa Arusha. Zamani wavulana wadogo waliingizwa kwenye mashimo ya tanzanite wakaitwa "nyoka", kwa kuwa miili yao ilipenya pale ambapo mwanaapolo, yaani mchimbaji, mtu mzima hawezi. Ukuta uliojengwa 2018 ulibana uingiaji, lakini ndoto haikuzuiwa na ukuta. Juni 2020 Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, nchi nzima iliiona picha yake akiwa na hundi. Mwenyewe alisema angependa kujenga shule. Kwenye vijiwe sehemu hiyo ya habari haikusimuliwa sana.

Sasa tazama jinsi haya yote yanavyofika kwenye makaratasi. Katika takwimu za elimu za serikali, sababu inayoongoza mwaka hadi mwaka kwa wanafunzi wa sekondari kuacha shule ni utoro, tena kwa tofauti kubwa dhidi ya mimba, vifo na utovu wa nidhamu. Mvulana wa Kilombero ni mtoro. Msichana anayelea mdogo wake ni mtoro. Aliyefiwa na baba akahamia kwa bibi yake Machame bila barua ya uhamisho naye ni mtoro. Ukikaribia mwezi wa tatu bila kuonekana, jina linakatwa, na fomu inayokwenda halmashauri haina mahali pa kuandika kilichotokea kati ya Jumatatu ile ya kwanza na siku jina lilipokatwa. Kwa afisa elimu anayepanga bajeti, wote hao wana tatizo moja, na tatizo la mtoro lina dawa moja inayofahamika: kumkamata. Ndiyo maana kila baada ya muda tunasikia mgambo wamefanya msako kwenye vibanda vya michezo, au mzazi amewekwa ndani siku mbili kwa kutompeleka mtoto shule. Msako unawarudisha watoto darasani Jumanne. Alhamisi unawakuta walewale kijiweni, sasa wakiwa wamejifunza kukimbia.

Kosa hilo la makaratasi linagusa pia hesabu ya umaskini. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada, na tangu 2022 kidato cha tano na sita vimeingizwa. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji ambayo kiwango chake kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku za masomo, utaona haifiki hata bei ya andazi moja la maana. Yaliyobaki ni ya mzazi: sare, viatu, madaftari, rimu ya karatasi, mchango wa mlinzi, na kubwa kuliko yote, chakula cha mchana. Katika shule za kutwa sufuria la makande ndilo linaloamua mahudhurio ya saa nane kuliko kengele. Ambaye mzazi wake hajachangia hukaa pembeni wenzake wakipanga foleni na sahani. Kuna shule huwaita waliolipa kwa majina, jambo ambalo ni sawa na kuwataja wasiolipa. Kijana wa miaka 15 anavumilia njaa, lakini kutazamwa akiwa na njaa hawezi. Kuanzia hapo anatafuta namna ya kutokuwepo mchana, na akizoea kutokuwepo mchana, asubuhi nayo inakuwa ndefu.

Nani basi shuleni mwenye kazi ya kuyajua haya? Kwenye karatasi yupo. Anaitwa mwalimu wa malezi, au mwalimu wa ushauri na unasihi, na sekondari nyingi zina mtu mwenye cheo hicho, ama wawili, wa kike na wa kiume. Mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari, uliopata dola milioni 500 za Benki ya Dunia mwaka 2020, umeweka ndani yake mpango wa shule salama na mafunzo kwa walimu hao. Nia ni njema. Lakini nenda ukaangalie ratiba ukutani. Mwalimu wa malezi anafundisha Baiolojia vipindi vyote sawa na wenzake, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu yake ya wiki, na kwenye ratiba hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa malezi. Anakutana na mwanafunzi kwenye korido, mapumziko ya saa nne, wengine wakipita wanachungulia. Chumba hana. Ofisi yake ni meza ndani ya ofisi ya walimu, ambamo kila atakachosema mtoto kitasikika mpaka kwa mwalimu wa Hesabu aliyemchapa jana.

Namna anavyoteuliwa nayo ina mambo yake. Mara nyingi anachaguliwa mama mtu mzima, mcha Mungu, mpole. Si vibaya. Mahali pengine, hasa kwa wavulana, kazi hiyo hupewa mwalimu wa nidhamu kwa hoja kwamba anawafahamu watukutu wote. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Mtu yuleyule anayeshika fimbo asubuhi hawezi kuambiwa mchana kwamba baba anakunywa na kumpiga mama, au kwamba shemeji anayelipa kodi ya nyumba anaingia chumbani usiku. Mtoto si mjinga. Anajua taarifa yake itakaa katika kichwa kilekile kinachoamua viboko.

Na kuhusu viboko tuseme wazi. Kanuni za 1979, zilizorekebishwa 2002, zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Waulize wanafunzi wowote wa kutwa mjini hapa kama hivyo ndivyo wanavyochapwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009, na kutolewa 2011 kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, waliwahi kupigwa au kuumizwa mwili na mtu mzima au mpenzi kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Utafiti huohuo ulikuta wasichana karibu 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mvulana 1 kati ya 7: katika mkondo wenye wavulana 35 hao ni watano, na sijawahi kusikia kikao cha wazazi kikiwazungumzia.

Kwenye vikao hivyo lazima atoke mzee mmoja aseme samaki mkunje angali mbichi, watu wapige makofi, ajenda ifungwe. Uganda walijaribu kupima njia nyingine. Katika wilaya ya Luwero shule za msingi 42 zilihusishwa, nusu yao zikapewa mpango wa kuijenga shule bila vipigo, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba wanafunzi waliopigwa na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31 kwenye shule za mpango, dhidi ya 49 kwenye shule nyingine. Asilimia 31 bado ni wengi mno. Lakini kazi hiyo ilifanywa na walimu walewale, kwa mishahara ileile, katika madarasa yaliyojaa kama yetu, ndiyo maana naiona ina maana kwetu kuliko mifano ya Ulaya tunayoletewa kwenye semina za Njiro.

Mfano mmoja wa mbali hata hivyo naupenda, kwa sababu hauhitaji vifaa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walionyesha kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari aliyekwenda vizuri kwa kipimo chepesi, yaani hakufeli zaidi ya somo kuu moja katika muhula na amekamilisha masomo yanayotakiwa, ana uwezekano wa zaidi ya mara tatu na nusu wa kuhitimu kwa wakati kuliko mwenzake aliyeteleza mwaka huo. Kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko alama alizokuja nazo, na vizuri kuliko hali ya kipato cha familia. Shule za Chicago zikaanza kupanga walimu wa mwaka wa kwanza wakae pamoja mara kwa mara na orodha ya majina mkononi: huyu amekosa siku ngapi, nani anamjua, nani atampigia mama yake. Katika miaka iliyofuata waliobaki kwenye mstari waliongezeka sana. Hakuna aliyegundua dawa mpya. Walitazama mapema, na waliotazama walipewa muda wa kufanya jambo.

Sisi daftari tunalo. Tunachokosa ni nusu saa ya Ijumaa. Napendekeza jambo dogo ambalo mkuu wa shule yeyote wa Arusha anaweza kulianza muhula ujao bila kusubiri waraka: walimu wa madarasa ya kidato cha kwanza na cha pili wakae na mwalimu wa malezi, kila mmoja ataje waliokosa siku tatu ndani ya wiki mbili, na kila jina liondoke na mtu mmoja wa kulifuatilia kabla ya Jumatano. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi vinne au vitano kwa wiki ili hilo liwezekane. Nasisitiza vidato hivyo viwili kwa sababu ndipo mwanya ulipo. Mtoto ametoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili, anaingia darasa ambamo Jiografia, Hesabu na Fizikia vyote vimegeuka Kiingereza ndani ya likizo moja. Ananyamaza. Mwalimu anadhani ni mpole. Baada ya mitihani ya muhula anagundua kwamba yeye, aliyekuwa wa tano darasani kule Daraja Mbili, sasa ni wa themanini, na hakuna aliyemweleza kwamba hilo limewapata nusu ya wenzake. Huyu hana tatizo la tabia. Akiachwa mpaka upimaji wa kidato cha pili, atakuwa nalo.

Ufuatiliaji wenyewe una adabu zake, na hapa nitakaa kidogo. Desturi yetu ni barua: "Unatakiwa kufika shuleni bila kukosa." Mzazi anayeuza mitumba akipata barua hiyo anajua mambo mawili, kwamba atapoteza siku ya biashara na kwamba atafokewa mbele ya mwanawe. Haji. Au anamtuma kaka mtu. Sasa linganisha na simu ya dakika mbili: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa darasa wa mwanao. Hajafanya kosa lolote, ila tangu juzi hatujamwona, nikasema niulize kama hapo nyumbani ni salama." Mwalimu mwenye miaka 27 anamwamkia mama wa miaka 45, kama angemwamkia mama yake mzazi, na mama huyo anaanza kusema. Yule niliyemdhania mtoro anaweza kuwa amepasukiwa na kiatu. Anaweza kuwa anatoka kila siku asubuhi, na mama ndiyo kwanza anasikia kwamba hafiki. Katika hali zote mbili shule imepata kitu cha kufanyia kazi siku ya tatu badala ya siku ya sabini.

Orodha hiyo inaweza pia kumuua mtoto mara ya pili ikishikwa vibaya. Nimeona shule ambako majina ya wanafunzi "wenye changamoto" yalisomwa mstarini ili waende wakaonane na mshauri. Baada ya hapo nani atakwenda? Majina yakae ndani ya daftari la mwalimu wa malezi, na swali la kwanza kwa kijana liwe la vitendo: unafikaje shuleni, umekula nini, jioni unafanya kazi gani, nyumbani unaishi na nani. Nasaha zitakuja baadaye kama bado zinahitajika. Tuna mazoea ya kumketisha kijana na kumhutubia juu ya baadaye yake, tukidhani huo ndio unasihi. Anatikisa kichwa, anasema nimeelewa, anaondoka na njaa yake.

Walimu wataniambia wamechoka, na wana haki. Kuna jambo jingine wanalolisema chinichini ambalo nadhani lina uzito kuliko uchovu: wanaogopa kujua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Mwalimu akiambiwa na msichana kwamba anachezewa na ndugu wa baba, anajua mlolongo: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, fomu ya hospitali, kisha mahakamani kama shahidi, kesi ikiahirishwa, na mwishowe ukoo unakaa na kuyamaliza nyumbani huku yeye akionekana mchonganishi mtaani anakopanga. Tangu 2016 kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Ukali huo una sababu, lakini mtaani umezaa pia werevu: mtuhumiwa akiwa jamaa au mtu mwenye fedha, msichana ndiye anayehamishwa usiku kwenda kwa shangazi, shule inaandika mtoro, na shahidi wa pekee yupo Babati. Mwalimu mmoja hawezi kubeba hilo peke yake. Afisa ustawi wa jamii wa kata anapaswa kuwa na siku yake maalumu shuleni, inayojulikana, walau mara moja kwa mwezi, ili mwalimu awe na mtu wa kumkabidhi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure na inafanya kazi. Ibandikwe chooni na siyo kwenye ofisi ya mkuu, kwa sababu chooni ndiko mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Juu ya wasichana waliojifungua, serikali ilibadili msimamo Novemba 2021 na kuwaruhusu kurudi katika shule za kawaida, baada ya miaka ya kufungiwa mlango. Wengine wanasoma kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mlango upo wazi. Ila anayerudi anakuta wenzake wapo mbele mwaka mmoja au miwili, mtoto mchanga ameachwa kwa bibi, na mwalimu mmoja ambaye hawezi kujizuia kumwita "mama nanihii" mbele ya darasa. Kwa mzaha huo mmoja waraka wote wa wizara unakuwa karatasi tu.

Nani asaidie zaidi ya walimu? Vijana wakubwa wa palepale. Katika mikoa mingine nchini shirika la CAMFED, linalosaidia elimu ya wasichana, huwatumia wasichana waliomaliza kidato cha nne katika shule ileile kurudi na kukaa na wadogo zao kwa vipindi vya stadi za maisha vinavyoitwa Dunia Yangu Bora, na kuwatembelea nyumbani wanapokosekana. Uzuri wake ni kwamba huyo anayegonga mlango anajulikana ni mtoto wa nani, na alipita njia hiyohiyo ya vumbi. Arusha tuna mamia ya waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo kuanzia Mei hadi Oktoba, wanashinda kwenye simu. Wangeweza kufanya kazi hiyo, wavulana kwa wavulana hasa. Idadi ya wasichana katika sekondari za nchi hii imeshaizidi ya wavulana, matunda ya kazi ndefu na ya haki, ila programu nyingi bado zimejengwa kana kwamba mvulana atajitegemea mwenyewe. Klabu za Tuseme, zilizoanzishwa 1996 na kina Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili wasichana waigize matatizo yao na kuyajadili, zilionyesha zamani kwamba kijana asiyeweza kulisema jambo ofisini anaweza kuliigiza jukwaani. Sioni kwa nini mvulana wa deiwaka asipewe jukwaa hilo.

Kuna kikwazo kimoja cha ndani ambacho shule hazipendi kukitaja, nacho ni wastani wa ufaulu. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, uamuzi mzuri, lakini mikoa na wilaya bado hupangana zenyewe kwenye vikao, na mkuu wa shule anaulizwa kwa nini ameshuka. Kwa hesabu hiyo mtoto anayeyumba ni mzigo, na akijiondoa mwenyewe kabla ya kidato cha nne ufaulu unapanda. Sisemi walimu wanawafukuza. Nasema hakuna anayeulizwa kwa nini walioanza kidato cha kwanza wakiwa 240 wamefanya mtihani wa mwisho wakiwa 160. Afisa elimu akianza kuuliza swali hilo moja, kwa shule za serikali na za binafsi zenye mchujo wao, nusu saa ya Ijumaa itapatikana haraka sana.

Na muda wenyewe si mwingi. Sera ya elimu, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo, wengi wao wakiwa na miaka 12 tu. Halmashauri zinahesabu madarasa na madawati, na ni sawa zihesabu. Ila mtoto wa miaka 12 atakayeachwa na konda pale Muriet ni mdogo kuliko huyu tunayempoteza sasa, mkondo wake utakuwa na wanafunzi wengi zaidi, na mwalimu wake wa malezi atakuwa bado anafundisha Baiolojia vipindi vyote. Ratiba za 2028 zitaandikwa na wakuu wa shule ambao wengi wao wapo kazini leo. Bodi za shule zinaweza kuanza kuwauliza kuhusu mstari mmoja wa malezi kwenye ratiba hizo kuanzia kikao cha muhula huu.